Habari Sahihi ya Melkior na Magobore Mawili

Kuna watu hapa Rombo, na wengine wako mpaka Moshi mjini, wanaosimulia kwamba mdogo wangu Melkior aliwanywesha wazee wa ukoo mbege iliyotiwa baruti. Wanasema mzee Fabian alipotaka kusogelea moto watu walimvuta shati asije akalipuka. Huo ni uongo. Mbege ile, pombe yetu ya ndizi, aliipika wifi yangu Salvina, mke wa Melkior, na Salvina hajawahi kukosea mbege tangu aolewe hapa, ingawa amekosea mambo mengine ambayo leo siyasemi. Nilikuwepo. Nilikunywa, nikaongezewa, nikanywa tena. Kwa hiyo naandika mwenyewe ilivyokuwa, na mwenye kubisha aje nyumbani, nipo.

Melkior ananifuata mimi kwa kuzaliwa, na nyuma yake yuko Denis. Baba yetu alikuwa na kihamba hapa juu ya mji wa Mkuu, kahawa na migomba, na shamba lingine kule chini kwenye joto, njia ya kuelekea Tarakea, la mahindi na karanga. Watoto wengine tulichuma kahawa. Melkior alikuwa akipewa kikapu anakitundika kwenye mti wa kwanza, anashuka zake shamba la chini kukaa na baba kwenye kibanda cha ulinzi. Alichapwa kwa ajili hiyo mpaka mchapaji akachoka. Baba akaona basi, huyu ni wa kule, akamfundisha gobore.

Kwa asiyejua, gobore ni bunduki ya kushindilia kwa mdomoni. Unamimina baruti kwenye mtutu, unatia maganda makavu ya mgomba, unashindilia kwa ufito, unatia risasi au vipande vya chuma, unashindilia tena, unaweka fataki kule nyuma, halafu unafyatua na kumwomba Mungu. Haina haraka. Nguruwe akikuona unaanza kushindilia anaweza kumaliza tuta zima la karanga na kukuaga.

Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya Melkior maisha yake yote. Mahindi yakianza kubeba anashuka, yakishavunwa anapanda. Alioa, akazaa, akazika baba na mama, lakini ukimtafuta msimu wa mahindi humpati kihambani. Nguruwe pori, tumbili, kanga, wote walimjua. Jumapili alipanda kanisani akiwa na koti linalonuka moshi, akina mama wanasogea mbali naye kwenye benchi, naye anadhani ni heshima. Akipata nguruwe, ukoo mzima unakula, na yeye ndiye anakaa kwenye kigoda kugawa nyama, kila mtu na kipande chake kwa cheo chake. Maana kwetu aliyeshika bunduki ndiye mgawaji. Hajawahi kuwa mwenyekiti wa kitu kingine chochote. Kigoda kile kilimtosha.

Kasoro yake ni majivuno. Katika familia yetu ni yeye peke yake mwenye majivuno.

Sasa, gobore la baba lilipasuka mtutu. Liliota ufa karibu na kitako, na bunduki yenye ufa inaua aliyeishika kabla ya nguruwe. Melkior akalipeleka polisi Mkuu kulisalimisha. Huko akaambiwa kibali chake bado ni kizima, atafute lingine kwa mmiliki halali, waje wote wawili kabla mwezi haujaisha, lihamishwe. Lakini ni moja. Kibali kimoja, gobore moja.

Hapo ndipo Denis alipoingia.

Denis alikuwa ameishi Moshi miaka mingi na duka lake la misumari na rangi. Akalifunga, akarudi nyumbani na tumbo, godoro nene na televisheni kubwa kama mlango. Mtu akirudi nyumbani namna hiyo anatafuta cheo. Watu walimwita Denis wa duka, na duka lenyewe halipo. Akaanza kuwapitia wazee mmoja mmoja, akisema kaka yake amechoka, macho yake hayaoni, kibali kiandikwe jina lake yeye, ambaye bado ana nguvu.

Kuhusu macho hakusema uongo. Kule shamba la chini tuliweka sanamu ya kutishia ndege, tukaivika koti kuukuu la Denis mwenyewe. Siku moja nimeshuka na chakula nikamkuta Melkior anaigombeza. Anaiambia, umekuja kunipeleleza, basi kaa hapo hapo, usitegemee nitakukaribisha. Nilimwacha akamaliza. Kisha nikamwita, akageuka, akasema alikuwa anajua ni sanamu, alikuwa anafanya mazoezi ya kusema na Denis. Sikubisha. Lakini niliona alivyoishika sahani ya chakula, kwa kuitafuta.

Wazee wakakaa, wakaamua hivi. Melkior achague gobore. Siku ya kulijaribu wataweka kigogo cha mgomba shambani, apige mbele ya watu. Akikipata, kibali kinabaki kwake. Asipokipata, kinakwenda kwa Denis. Kwa mwingine hilo ni jambo dogo. Kwa Melkior ilikuwa kama kuambiwa atabaki kihambani mpaka afe, anachambua kahawa na kusikiliza televisheni ya mdogo wake kwa ukutani.

Magobore yalipatikana mawili.

La kwanza lilikuwa la marehemu Ebenezeri, mtu wa Mwika, na mjane wake Elinipendo alitaka litoke nyumbani kwake upesi, maana alisema usiku linamtazama. Lilikuwa fupi, zito, mdomo mpana kama wa chungu. Ndani ya mtutu ni laini tupu. Lile unatia gololi na vipande vya nondo, ukifyatua vinatawanyika mbele kama mtu anayewarushia kuku mtama. Halifiki mbali, lakini kilicho karibu hakiponi.

La pili lilikuwa la Sadallah, fundi cherehani wa Rau pale Moshi. Aliachiwa na baba yake, na huyo baba alilipata kwa mzungu mmoja wa mashamba. Lilikuwa refu, kitako cha mti mwekundu uliosuguliwa mafuta mpaka unajiona sura. Na ndani ya mtutu kuna mistari iliyochongwa, inazunguka kama parafujo. Lile linakula risasi moja tu ya duara, na risasi ikitoka inakwenda inazunguka, imenyooka, mbali kuliko gobore lolote lililowahi kuingia kwetu. Ila ukikosa, umekosa. Hakuna vipande vya kukusaidia.

Mimi nilimwambia achukue lile fupi. Nilimwambia jioni, tukiwa tumekaa jikoni kwa Salvina.

"Lile linatawanya, Melkior. Hata ukikosea, hukosei lote."

"Dada, lile ni la kufukuzia kuku."

"Na hao kuku unawaona?"

Akachukua kofia yake akatoka nje. Kofia ilikuwa ya Salvina, lakini nilikuwa nimeshasema ya kutosha.

Nilimwelewa lakini. Akichagua fupi, Denis atasimama mbele ya wazee aseme mnaona, amechagua bunduki ya kipofu. Akichagua refu, itabidi apige kigogo kwa risasi moja, na kigogo chenyewe, kwa mahali walipopanga kukisimamisha, mimi naamini alikuwa hakioni. Akachagua refu. Alisema mwanamume hachagui bunduki kwa kuogopa maneno ya mwenye duka.

Siku yenyewe Sadallah alikuja kutoka mjini na gobore lake limefungwa kwenye kitenge, karatasi zake zote mfukoni. Mtu mstaarabu sana. Alimpa kila mzee shikamoo yake, hakuruka hata mmoja. Salvina alimpa jogoo amchinje mwenyewe, ili wote tule bila wasiwasi. Wakati wa kushuka shambani Sadallah akauliza kwa adabu kama gobore la marehemu baba yake litatumika kwa nguruwe tu, maana baba yake alilitumia kwa kanga na digidigi, asingependa azomewe huko aliko. Mzee Fabian, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo wetu, akamtuliza.

"Mwanangu, risasi inapita tu. Haili."

Sadallah akacheka mpaka akashika magoti, akasema hiyo atampelekea shehe wake.

Basi tukafika. Kigogo kikasimamishwa mwisho wa shamba, cheupe, kimemenywa. Sadallah akapiga kwanza kuonyesha gobore ni zima. Lilitoa mlio mkali, siyo ule mzito wa gobore la baba, na kigogo kikatoboka katikati kama kimetobolewa na fundi seremala. Wazee wakaguna kwa kuridhika. Denis akaangalia kigogo, akamwangalia kaka yake, akatabasamu.

Zamu ya Melkior. Akasema atatumia baruti yake mwenyewe, hataki kuazima, akatoa kibuyu chake.

Hapa lazima nieleze. Huku kwetu mlimani ukungu unaingia mpaka kwenye chumvi. Baruti ikilala chumbani inaamka uji. Kwa hiyo Melkior huweka kibuyu cha baruti kwenye dari ya jiko la Salvina, pembeni kabisa, mbali na cheche, mahali pakavu. Watu wa mjini wakisikia watashika kichwa, lakini ndivyo alivyofanya baba. Na dari hiyo hiyo ndiko Salvina anaweka mso wake, yaani ule ulezi ulioota ukakaushwa na kusagwa, wa kutia kwenye mbege. Vibuyu vinafanana. Kile cha baruti kilikuwa na ukanda wa ngozi shingoni, Melkior anakijua kwa vidole. Wiki ile ukanda ulikatika, na Salvina, kwa wema wake, akafunga kamba ya katani. Ila vibuyu vyake vyote vina kamba ya katani.

Melkior akamimina. Akatia maganda ya mgomba, akashindilia vizuri kabisa. Akatia risasi, akashindilia, akaweka fataki. Akaweka kitako begani. Tukaziba masikio.

Ta.

Ni hivyo tu, kama mtu aliyevunja karanga. Fataki imelia, gobore limenyamaza. Melkior hakulishusha, maana anajua gobore linaweza kuchelewa, akalielekeza kule kule mbele na kusubiri, na sisi tukasubiri, vidole masikioni. Kunguru akapita. Sadallah akasema labda fataki imepata unyevu, akampa nyingine.

Ta.

Denis alikuwa ameanza kucheka kwa mabega. Sadallah akalipokea gobore, akafunga kwenye ufito wake chuma chenye ncha iliyopinda, akavuta risasi, akavuta maganda, halafu akaliinamisha na kuligonga. Ukamwagika unga kwenye jani alilokuwa ameshika. Unga wa rangi ya udongo. Mzee Fabian akachovya kidole, akanusa, akaonja.

"Huu ni mso," akasema. "Na ni mzuri."

Hakuna aliyecheka, hata Denis aliacha. Maana baruti ni nyeusi kama sufuria, na mso ni wa kahawia, na Melkior alikuwa ameumimina mchana kweupe, mbele ya macho yake na ya kwetu. Pua nayo haikumsaidia, imeshazibwa na ugoro miaka yote. Sasa kila mtu akajua tulichokuwa tunakijua Denis na mimi. Melkior akafunga kibuyu, akakipapasa shingoni, akakuta ile kamba ya katani. Akamwuliza Salvina taratibu kama ukanda ulikatika. Salvina akasema ulikatika. Melkior akasema, sawa.

Ndipo uongo wa mbege ulipoanzia, kwa sababu mtu mmoja, sitamtaja ila Hellen anajijua, alisema kama mso umeingia kwenye gobore basi baruti imeingia kwenye mbege. Baruti ilikuwa darini pale pale. Nilikwenda mwenyewe kuikagua.

Tukapanda kurudi kihambani. Melkior alitangulia, hakutaka kushikwa mkono. Njia ile aliijua kwa miguu. Tukala jogoo na ndizi, wazee wakapewa mbege, na baada ya hapo mzee Fabian akajisafisha koo. Kila mtu alijua anachokwenda kusema, na Denis alishakaa vizuri kwenye kiti kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

Kabla mzee hajaanza, Melkior akasimama. Akaenda mpakani mwa kihamba, kule kulikopandwa sale, akapapasa mpaka akapata jani. Akalivunja, akalifunga fundo, akarudi nalo mpaka mbele ya Denis.

Wenzetu wa mbali huenda hawajui. Kwetu ukiletewa sale, hukatai. Mtu amekukosea, anakuja na jani la sale, unasamehe. Mtu ana ombi zito, anakuja na sale, unalipokea. Unaweza kukataa chakula cha mtu, unaweza kukataa salamu yake, lakini sale iliyofika mkononi mwako imeshakufunga. Ndiyo maana mwenye akili haipokei kabla hajauliza inaomba nini. Kwanza anatumwa mzee wa kati, yanasemwa, yanapimwa, ndipo jani linafika. Lakini Denis alikaa sana na misumari. Aliona kaka yake amesimama mbele yake na jani, kichwa kimeinama, akadhani anaomba radhi kwa kung'ang'ania bunduki. Mzee Fabian alikohoa. Mimi nikamwona mzee anakohoa nikajua kwa nini. Denis hakusikia. Alisimama, akanyoosha mikono miwili, akalipokea.

"Nimekusamehe, kaka."

"Ahsante," Melkior akasema. "Lakini sijakuomba msamaha. Kaa nikuambie nilichoomba."

Denis akakaa.

"Kibali kiwe chako. Macho yangu wazee wameyaona. Lakini gobore nachagua mimi, na mahindi yakibeba tunashuka wote wawili, tunalala kibandani wote wawili, mpaka yavunwe. Wewe utafyatua. Mimi nitasikiliza."

Nilimwangalia Denis usoni. Nadhani aliliona godoro lake. Akageuka kwa mzee Fabian, akasema yeye alidhani kulinda ni kwenda asubuhi na kurudi jioni, na mgongo wake hautaki baridi. Mzee Fabian akamwambia kwa upole kwamba jani liko mkononi mwake, na mikono miwili ndiyo iliyolipokea. Wazee wengine wakaangalia chini ndani ya mbege zao. Hapo ndipo walipocheka, siyo kabla.

Sadallah, akiwa anafunga gobore lake kwenye kitenge, akauliza basi lipi limechaguliwa. Melkior hakufikiri hata kidogo.

"Lile fupi la Mwika. Mdogo wangu hajawahi kulenga kitu hata kwa jiwe. Atahitaji linalotawanya."

Nikanywa mbege yangu. Lile fupi ndilo nililomwambia tangu mwanzo, lakini alikuwa amepata njia ya kulichagua bila kunipa mimi ushindi wala Denis maneno. Nilikasirika kidogo. Lakini ilikuwa kazi safi.

Wakaenda Mkuu na mama Elinipendo, likahamishwa kwa jina la Denis. Msimu ukaanza. Siku za kwanza Denis alishuka na godoro lile kichwani mwa mpagazi, na redio, na chupa ya chai. Godoro likaingia panya. Redio nayo Melkior aliizima, akasema inamzuia kusikia nguruwe. Denis alifyatulia kila kitu kilichotikisika. Alipiga kichaka, akapiga maboga yangu, akapiga lile koti lake mwenyewe kwenye sanamu, likatoboka kama chujio. Nilishuka nikamwambia maboga hayo nilikuwa nayahesabia Krismasi. Akasema yalimtazama vibaya. Nguruwe wakawa wanaona gobore jipya ni ngoma ya kuwakaribisha.

Kisha asubuhi moja, mwanga ndiyo kwanza unatoka, nami nimelala pale chini kwa sababu ya karanga, nikasikia wameacha kubishana. Nikachungulia. Denis amepiga goti, gobore begani, na Melkior yuko nyuma yake amemshika mabega mawili, anamgeuza polepole, kama mtu anayegeuza kitufe cha redio kutafuta stesheni. Anamgeuza, anasimama, anamrudisha kidogo. Mimi sikuona kitu zaidi ya mahindi. Melkior akamfinya bega. Gobore likalia, Denis akaanguka chali, moshi ukajaa, na ndani ya mahindi kitu kizito kikakimbia, kikajikwaa, kikanyamaza.

Alikuwa nguruwe dume mkubwa, ana meno marefu ya kuogopesha. Denis alilia. Alisema ni moshi. Siku ya kugawa nyama hakujua shingo ni ya nani wala kidari ni cha nani, kwa hiyo alikaa yeye kwenye kigoda na Melkior akakaa chini kando yake akimnong'oneza, na mara mbili nilisikia Denis anambishia. Mimi nilipata kipande changu, na kilikuwa kile kinachostahili.

Baada ya mavuno Denis mwenyewe ndiye aliyesema kaka aende hospitali Moshi. Mimi nilikuwa nimesema hivyo kwa miaka, Melkior akaniambia macho ya mtu ni siri yake. Denis akasema mara moja tu, akasema wazi kwamba hataki kugeuzwa kama redio msimu mwingine. Melkior akakubali. Tulikwenda mimi na yeye. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, jambo la kawaida, ajabu ni kwamba alikaa nalo muda wote huo na bunduki. Nikamwambia daktari asimwulize habari za bunduki.

Walipomfungua bandeji baada ya upasuaji aliangalia dirisha, akaangalia mikono yake, halafu akaniangalia mimi. 

"Dada," akasema, "umezeeka lini?"

Nikamwambia ajitafutie kioo kabla hajauliza wengine.

Tulipotoka siku ile alitaka kupita Rau kwa Sadallah kumshukuru. Sadallah alikuwa kwenye cherehani yake barazani, anashona sare za shule. Mkewe Nasrin akatuletea chai yenye tangawizi kali na maandazi. Wakaongea, na Sadallah akaingia ndani, akatoka na kile kitenge. Gobore refu bado lilikuwepo. Alisema watu wawili wamekuja kuliuliza, hakupenda walivyolishika.

Melkior akalipokea. Akaligeuza, akaona ile rangi nyekundu ya kitako, akaipitishia kidole. Akaangalia ndani ya mtutu kwa upande wa mwanga, akaona ile mistari inayozunguka, akaita nije nione na mimi. Nikaona. Ni kweli, ni mizuri. Akaliweka begani, akalielekeza juu ya mapaa, mbali, kwenye mti ambao mimi niliona majani tu, akasema kuna njiwa pale, na mwingine yuko nyuma yake anajikuna. Nilijua anachofikiri. Macho yamerudi. Kibali kinaweza kurudi pia, Denis asingekataa, angeshangilia. Risasi moja, imenyooka, mbali, na hakuna wa kumnong'oneza.

Sadallah naye alielewa. Akasema, "Chukua, mzee. Linakufaa wewe. Tutaenda Mkuu tukaandikishe upya."

Melkior akalishusha. Akalifunga mwenyewe kwenye kitenge, taratibu, akalirudisha kwa mikono miwili.

"Ni zuri kupita yote niliyowahi kushika," akasema. "Ila hili ni la mtu mmoja."

Sadallah hakumsihi. Akamimina chai nyingine, na Melkior akaanza kumsomea maandishi ya duka la ng'ambo ya barabara, yote, mpaka namba za simu, kana kwamba mwenyewe Sadallah hajui kilichoandikwa mbele ya nyumba yake. Kesho yake mapema akashuka shamba la chini. Ilikuwa bado si msimu, kulikuwa na mabua tu, lakini alisema paa la kibanda linavuja upande wa Denis.